Mikono miwili ya Dkt. Tulp

Mchoro wa Rembrandt wa 1632, "Somo la Anatomia la Dkt. Nicolaes Tulp", bado ni somo zuri. Tulp anainua kwa kibano misuli ya kigasha cha maiti. Mkono wake wa kushoto unaonyesha kazi ya misuli hiyo: kukunja vidole. Jishike kati ya kiwiko na kiganja, halafu kunja ngumi. Umesikia msuli unavyojikaza? Vidole vyenyewe havina misuli ya kuvikunja, vinavutwa na kano.

Kasoro ni moja: neva haionyeshwi kazi yake. Ukijeruhiwa karibu na kiwiko, kano zinaweza kuwa nzima na kidole kisikunjike, kwa sababu neva ya kati imekatika. Anayeutegemea mchoro huu peke yake atatafuta kamba tu, atasahau amri.