Sensa ya Magurudumu Manne

Mafundi wa Dar es Salaam hukiita kile kidude kinachopima upepo ndani ya tairi "sensa", jina lile lile la kuhesabu watu. Wenye kamusi wanapendelea "kihisi". Mimi nimehamia upande wa mafundi, na nitaeleza kwa nini.

Gari langu ni mtumba kutoka Uingereza. Kila nikiliwasha, taa ya njano yenye mchoro wa tairi na alama ya mshangao ilikuwa inakonyeza kwa dakika moja hivi, kisha inatulia ikiwaka. Fundi wa kwanza alijaza upepo, taa haikujali. Wa pili alishauri tuizibe kwa kipande cha plasta. Wa tatu, mzee wa maneno machache, hakugusa kitu. Alisema, "Zima, halafu washa tena tuiangalie." Akaitazama mpaka mwisho, kisha akanigeukia. "Hii hailalamikii upepo, mwanangu. Kuna gurudumu haliitiki."

Ufundi wote umebebwa na sentensi hiyo. Katika magari mengi, taa ikiwaka bila kukonyeza, kuna tairi limepungua upepo. Ikikonyeza kwanza, mfumo wenyewe una hitilafu. Taa ni moja, habari ni mbili, na asiyezitenganisha atajaza upepo palipojaa.

Hata hivyo mzee hakuiachia taa neno la mwisho. Aliniambia nililaze gari gereji, na alfajiri akapima kwa geji matairi yote, pamoja na la akiba. Tairi lililotoka mwendoni au kukaa juani hudanganya: joto likipanda nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, upepo huongezeka kwa takriban psi 1. Tena taa huchelewa kusema. Marekani, ambako sheria ya mwaka 2000 ilitungwa baada ya vifo vilivyohusishwa na matairi ya Firestone kwenye Ford Explorer, kiwango kinadai ionye upepo ukishuka kwa asilimia 25. Tairi la psi 33 linaweza kukaribia 25 huku dashibodi ikiwa kimya. Na mitumba mingi ya Japani tunayoendesha haina taa hiyo kabisa, kwa kuwa kule sheria haikuilazimisha. Geji ya mkononi haijastaafu.

Upepo ulikuwa sawa kote. Ndipo mzee alipotoa kifaa kidogo chenye kioo na kuanza kupita gurudumu kwa gurudumu, akikisogeza karibu na valvu. Nikawakumbuka makarani wa sensa ya Agosti 2022, walivyopita kaya kwa kaya wakipiga hodi. Gari likisimama, sensa husinzia ili betri isiishe. Kifaa huiamsha, nayo hutaja namba yake, upepo na joto. Mbele kulia, ikaitika. Mbele kushoto, ikaitika. Nyuma kulia, ikaitika. Nyuma kushoto, kimya. Alirudia mara tatu. Karani mwema hajazi fomu kwa kukisia, wala haandiki kwamba wenye nyumba wamekufa kwa sababu tu hawakufungua mlango.

"Tairi hili lilifunguliwa lini?"

Mwezi uliopita, kwa pancha, kando ya barabara. Alipolivua tukaona ganda la sensa limepasuka, hapo mtaimbo ulipopitia. Hakumtukana aliyetangulia. Alinionyesha tu kwamba mtaimbo huanzia mbali na valvu.

Dukani ilikuwepo sensa iliyoingia kwenye rimu kama iliyotengenezewa hapo, ila ilirusha mawimbi ya megahezi 315, na gari langu husikiliza 433. Akairudisha. Ilipopatikana ya kufaa, alipaka valvu maji ya sabuni kuona kama inavuja, akavitupa vifuniko vyangu vya shaba nilivyovinunua kwa urembo. Shaba na alumini ya valvu zikikutana katika hewa yetu ya chumvi, hulana mpaka zikashikana. Mwisho aliisajili namba ya sensa mpya kwenye kompyuta ya gari, tukazunguka mitaa kadhaa, na taa ikazimika bila kubembelezwa.

Nilichokisifu si kile kifaa, vifaa vinauzwa. Ni ule utaratibu wa kutoandika jibu kabla ya kubisha kila mlango. Nililipia sensa moja na kazi yake. Haraka yangu ingeweza kuniuzia nne.

Taa hiyo ikikuwakia, usiulize bei kwanza. Sikiliza swali la kwanza la fundi. Akikuuliza, "Inakonyeza au imetulia?", mpe ufunguo.