Ruka ya Barkley haikuwa ya kuwekwa kwenye padi

Wote mliiona. Novemba 3, 2024, Philadelphia, mechi ya NFL kati ya Eagles na Jaguars. Jalen Hurts anatoa pasi fupi, Saquon Barkley anaipokea, beki wa kwanza anakula chenga na kupotea. Barkley anajizungusha kumkwepa mwingine, mgongo wake unageukia goli, na hapohapo Jarrian Jones anaingia ameinama akitafuta mapaja. Barkley anapaa kinyumenyume, anampita Jones juu ya kichwa, anatua wima na kuendelea. Yadi 14. Haikuchukua muda EA Sports wakaitia ruka ile ndani ya gemu yao ya Madden NFL 25. Walikosea, na kosa lenyewe ni lilelile wanalolirudia kila wanapomgusa raningibeki, yaani mkimbiza mpira, mwenye chenga.

Rudisheni picha polepole. Barkley anapomaliza kuzunguka, miguu yake miwili imekusanyika chini ya nyonga na magoti yamekunjika, maana ndivyo mwili unavyokaa baada ya mzunguko ule. Kasi yote imekwisha. Kushoto hawezi, kulia hawezi, mbele ndiko ulipo mgongo. Sasa mtazameni Jones. Mtu mwenye mapaja kama ya Barkley huangushwa kwa chini, kwa hiyo beki ameshuka, na aliposhuka kichwa nacho kikashuka, macho yakaishia kwenye nyasi. Tangu nukta hiyo hawezi tena kubadili chochote. Magoti yaliyokunjika upande mmoja, kichwa kilichoinama upande wa pili: ndiyo maana kulikuwa na nafasi ya kuruka. Jones angesimama wima kidogo tu, Barkley angepigwa mbavu akiwa hewani na leo tungekuwa tunazungumzia jeraha.

Sasa waundaji wa gemu wamefanya nini? Wamechukua tokeo, sababu wakaziacha uwanjani. Animesheni ni mwendo uliochongwa mapema, tangu kupaa mpaka kutua. Ukishaanza, programu inawafunga wachezaji wawili pamoja, na beki anavutwa mpaka mahali ambapo picha inamhitaji awe. Aliyeshika padi upande wa ulinzi anaijua hali hiyo: umesogea vizuri, umefunga njia, mara mwili wa beki wako unateleza kama umekanyaga sabuni ili mwenzako apite. Hujadanganywa na mguu wa mtu. Umeshindwa na faili.

Nimelisema hili miaka mingi na nitalisema tena. Chenga huanzia kwa anayepigwa chenga. Beki akitua mguu wa kulia na uzito wote ukaegemea hapo, kwa muda mfupi sana hawezi kwenda kulia tena mpaka auinue. Raningibeki stadi anaungoja mguu huo. Anapunguza mwendo, anashusha nyonga, anakanyaga kwa mguu wa nje na kutoka upande ambao mwenzake hana mguu wa kumfuata. Gemu inayotaka kuitwa ya uhalisia ianzie hapo: impe kila beki miguu yenye uzito, na imwachie mshika padi kazi ya kuusoma uzito huo. Usomaji ukiwa sahihi, hata chenga ndogo ya bega itoshe. Ukikosea, hata chenga ya mtu mwenye alama 99 iishie mikononi mwa lainibeka.

Watanijibu kwamba siku hizi kuna takwimu za Next Gen Stats, mwendo wa kila mchezaji unapimwa mara 10 kwa sekunde. Najua. Ila chipu zinazopima zimewekwa kwenye pedi za mabega! Bega ndilo kiungo ambacho raningibeki hukitumia kudanganyia. Ukweli uko kwenye nyonga na nyayo, na huko hakuna chipu. Ukijenga chenga kwa data ya mabega, umejenga kwa ushahidi wa shahidi mwongo.

Kwa haki, mfumo wa kukata kona wa Madden 23, 360 Cuts, ulikuwa hatua nzuri, na ule wa migongano, BOOM Tech, umefanya migongano iwe na uzito.

Lakini ugonjwa wa kuabudu kasi haujapona tangu Michael Vick wa Madden 2004, pale watoto walipojifunza kwamba ukiwa na mtu mwenye mbio huhitaji kufikiri. Na dawa ilikuwepo. Mwaka 2004 gemu pinzani, ESPN NFL 2K5, iliuzwa dola 19.99 tu, na mchezaji wake aliyebeba mpira alikuwa na uzito uliouhisi vidoleni. Desemba mwaka huohuo EA wakasaini na NFL mkataba wa kuwa peke yao. Mshindani akafungiwa mlango, na asiye na mshindani huongeza ruka badala ya kurekebisha miguu.

Kipimo changu kimebaki kimoja: Barry Sanders, raningibeki wa Lions. Msimu wa 1997 alianza na yadi 53 katika mechi mbili za kwanza. Mtu wa kawaida angebadili uchezaji, akaanza kugonga katikati na kuchukua yadi tatu tatu. Yeye aliendelea kusimama, kurudi nyuma, kutafuta mguu wa mtu. Mechi 14 zilizofuata, zote 14, alivuka yadi 100, akafunga msimu na 2,053. Hakuna ruka hata moja katika picha ninazozikumbuka zaidi. Kuna kusimama ghafla, mabeki wawili wakipishana mbele yake, na mtu mfupi akiondoka katikati yao bila haraka.

Gharama ya uchezaji huo Madden haijawahi kuitoza. Sanders alikubali kupoteza yadi mbili, nne, saba, akitafuta mbio moja ya sitini. Kwenye gemu, mwenye alama kubwa za chenga hafanyiwi hivyo. Akibanwa, animesheni inamwokoa na kumpa yadi tatu za huruma. Mpeni mshika padi Sanders wa kweli, mwenye uwezo ule wote, halafu mwacheni akutane na Packers wa Desemba 31, 1994, kule Green Bay, mechi ya mtoano. Walishika njia zao, hawakuruka kumfuata, walingoja mguu wake kama yeye alivyozoea kungoja wa kwao. Alipewa mpira mara 13. Jumla ya mbio zake jioni ile ilikuwa yadi hasi moja, na Lions wakatoka kwa 16-12.