Mikurupuko Isiyotaja Pumziko

Mwingereza akitaka kusema kazi inakwenda kwa kukatikakatika, husema inakwenda "in fits and starts". Kamusi hufafanua kwamba ni kufanya jambo kwa vipindi visivyo na mpango, basi. Ufafanuzi huo ni sahihi, ila hausemi msemo umeundwaje, na uhondo wote umo humo.

Zitazame nomino zake mbili. "Fit" ni ugonjwa unapomkamata mtu ghafla: degedege, kikohozi kisichozuilika, au mitetemo ya ile homa ya mabwawani iliyowasumbua watu wa Essex na Kent, huko Uingereza, hadi karne ya 19, homa ambayo sisi tungeiita malaria bila kusita. "Start" nayo hapa haikuwa mwanzo, ingawa wasemaji wengi wa leo huisikia hivyo. Ni kule kushtuka, kuruka kama mtu aliyeguswa mgongoni. Kwa hiyo nomino zote mbili zinataja mlipuko. Hakuna inayotaja kutulia. Kimya cha katikati, ambacho ndicho kinacholifanya jambo liwe la kukatikakatika, hakikupewa neno. Kimeachiwa alama ya wingi tu. Iondoe ile "s" na msemo umekufa.

Msemo jirani, "off and on", ni kinyume chake. Kuzima kumetajwa, kuwaka kumetajwa, tena kwa uzito sawa, ndiyo maana ukigeuza ukasema "on and off" hakuna atakayekushangaa. Wapenzi wanaoachana na kurudiana huelezwa hivyo. Mabaharia nao walikuwa na matumizi yao: meli ya matanga ikisubiri kupambazuke, au ikimngoja rubani, iliusogelea ufuko kisha ikajitenga, ikausogelea tena, yote kwa makusudi. Lakini jaribu kuugeuza ule msemo wetu useme "starts and fits". Sikio linakataa: katika jozi za Kiingereza za namna hii neno lenye irabu fupi limezoea kutangulia, lenye irabu ndefu likafunga.

"Fit" hiyohiyo imezaa kivumishi "fitful", ambacho Shakespeare alikitumia mara moja tu, katika tamthilia ya Macbeth. Macbeth anamwonea kijicho Duncan, mfalme aliyemuua kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa marehemu sasa amelala salama baada ya homa ya maisha, homa iliyo "fitful". Muuaji asiyepata usingizi, na kivumishi cha mgonjwa: neno limekaa mahali pake hasa.

Siku hizi waandishi wa habari huupenda msemo wa "fits and starts" kwa mazungumzo ya amani na kwa uchumi unaojikongoja. Hapo ile "start" iliyosikika vibaya imezaa maana mpya: jambo linaanza, linakwama, linaanza tena. Sioni ubaya wowote. Ninachomkatalia mfasiri wetu ni "kwa kusuasua". Anayesuasua anaburuta miguu, ilhali huyu wa Kiingereza anakurupuka. Mimi ningeandika "kwa mikurupuko", kwa wingi vilevile, na pumziko nisilitaje.