Kahuzi-Biega: matembezi mazuri, hadithi nusu

Wengi kati yetu tuliosoma agronomia Bukavu tunaijua njia ya Tshivanga. Kama haukufika pale na fakulte, ulipita tu kwa barabara. Anayetoka Bukavu kwenda Bunyakiri, kwetu Kalehe, anapita katikati ya parki, ndani ya gari lenye bidoni za mawese na mikungu ya ndizi, na watoto wanachungulia nje kama wataona gorila.

Leo nataka kupima yale matembezi ya kuongozwa na gide, vile watu wanavyopima filamu ao kitabu. Ju matembezi pia ni hadithi. Kuna anayesimulia, kuna anayesikiliza, na kuna mambo yanayoachwa.

Kwa upande wa nyama na mimea, hadithi ni nzuri sana, sina neno. Unavaa barakoa, unakaa mbali kidogo, unapewa saa moja tu mbele ya familia ya gorila, kisha munarudi. Gide anaweza kukuambia gorila hutambuliwa kwa mikunjo ya pua, kila mmoja na yake. Anakuonyesha mianzi na kueleza kwa nini gorila wanaitafuta wakati machipukizi yanatoka. Kwa mtu wa agronomia, hayo ni masomo kuliko silabusi yetu.

Shida inaanza kwa historia. Mgeni anapewa tarehe: 1937 Wabeleji wanafanya mlima Kahuzi kuwa hifadhi ya msitu na nyama, 1970 parki inazaliwa, na Mbeleji Adrien Deschryver anazoesha gorila kuona watu, 1980 UNESCO inaiandika kwa urithi wa dunia, 1997 inaiweka kwa orodha ya urithi ulio hatarini. Yote ni kweli. Lakini angalia nani yumo ndani. Mzungu mmoja, gorila, UNESCO, vita. Mtu wa hapa anaingia mwishoni, tena kama mwizi: ni mwenye mitego, ni mchoma makala, ni mchimba koltani.

Batwa wako wapi? Walikuwa wakiishi katika msitu ule, wanawinda, wanarina asali, wanazika wafu wao. Katika miaka ya 1970 walifukuzwa, maelfu, bila fidia na bila ardhi nyingine ya kwenda. Wengi mpaka leo wanakaa pembeni ya parki, kwa ardhi ya wengine, wanalima shamba la mtu kwa chakula cha siku. Mwaka 1975 parki iliongezwa kutoka hekta 60,000 hadi 600,000, na wakulima wa vijiji vingi walijikuta ndani ya mipaka bila wao kuhama hata hatua moja. Kwetu Kalehe mambo hayo si historia ya kitabu. Ni mabishano ya kila msimu wa kupanda: jiwe la mpaka liko wapi, nani aliliweka, nani aliulizwa.

Na msitu wenyewe unasema, ukijua kuusoma. Mara nyingi mgeni anaambiwa huu ni msitu wa asili, haujaguswa. Haujaguswa? Macaranga ni mti unaopenda mwanga. Unaota mahali palipofunguka: mti mkubwa umeanguka, moto umepita, ao mtu amelima. Sisemi kila Macaranga ni kiwanja cha Mutwa. Nasema ukiukuta umejaa mahali, uulize nini kilifungua pale. Swali hilo moja lingeongeza uzito wa matembezi kuliko tarehe kumi.

Kinachoniuma zaidi ni mpangilio wa watu kwenye njia. Mbele kuna pisteri na panga lake, anasoma nyayo, mavi, jani lililovunjika. Mapisteri wengi wametoka kwa Batwa. Yeye njo anapata gorila. Lakini anayeongea ni gide, kwa Kifaransa ao Kiingereza, na pisteri ananyamaza mpaka mwisho. Yaani mwenye ujuzi ni mguu, na mdomo umepewa mwingine. Mti anaoujua kwa jina la bibi yake, mgeni anaupokea kwa Kilatini. (Mimi pia napenda Kilatini, musinicheke.)

Jirani zetu Uganda wamejaribu njia nyingine. Mgahinga na Bwindi zilifanywa parki mwaka 1991 na Batwa wakatolewa. Baadaye ndani ya Mgahinga kulianzishwa njia ambayo Batwa wenyewe wanaongoza: wanaonyesha kuwasha moto, asali, dawa, mpaka pango la Garama. Nina wasiwasi nayo. Mtu anaingia msituni asubuhi kuigiza maisha ya baba yake, na jioni anarudi mahali asipo na shamba. Hiyo ni teatre. Lakini hata teatre hiyo imekubali jambo moja: kwamba kulikuwa na watu.

Najua kipingamizi. Mwishoni mwa 2018 familia za Batwa zilirudi msituni, na miti mingi ikakatwa, makala yakauzwa, na wenye kufaidika hawakuwa Batwa peke yao. Wengine wanasema: ukisimulia kufukuzwa, unawapa watu panga. Mimi ni mtu wa Kalehe. Mwezi wa tano 2023 tulizika mamia ya watu wa Bushushu na Nyamukubi baada ya mafuriko. Hakuna anayehitaji kunifundisha maana ya mlima wenye miti. Lakini kunyamaza hakukulinda hata mwanzi mmoja. Na habari yenyewe si siri tena: mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, kwamba Kongo ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega. Mgeni anaweza kuusoma kwa simu yake akiwa hotelini. Itakuwa ajabu ajue hayo kuliko gide wake.

Kwa hali ya usalama ya sasa, kuongelea utalii kunaweza kuonekana kama mchezo. Hata hivyo, maneno ya gide yanaweza kuandikwa upya hata kama hakuna mgeni, tena hayaombi bajeti kubwa. Yaanze kabla ya 1937. Pisteri aongee Kihavu, Mashi, Kitembo, ao lugha yoyote anayoona ni yake, gide atafsiri, na malipo ya pisteri yapande kulingana na kazi hiyo. Na wewe unayesoma, siku fakulte itapanda tena Tshivanga, mwulize yule wa mbele mti huu unaitwaje kwao, kisha uandike jina hilo kwa kaye yako, pembeni ya Kilatini.