Vidole Viwili vya Tony Iommi

Wapenzi wengi wa roki husema kwamba Tony Iommi wa Black Sabbath alilegeza nyuzi za gitaa kwa sababu ya vidole vyake vibovu, na uzito wa muziki wake ukatoka hapo. Hiyo ni nusu ya habari. Sikiliza albamu ya kwanza, iliyotoka Februari 1970. Nyuzi zimekazwa kwa kawaida, na tayari muziki ni mzito.

Turudi Birmingham, Uingereza. Iommi ana miaka 17, yuko kiwandani kwenye kazi ya bati, na ni siku yake ya mwisho. Mashine ikambana mkono wa kulia. Alipouvuta, ncha za kidole cha kati na cha pete zikabaki. Naye ni mashoto, kwa hiyo huo wa kulia ndio mkono wa kubana nyuzi. Msimamizi wake akampelekea santuri ya mpiga gitaa Django Reinhardt, ambaye baada ya kuungua moto mwaka 1928 alikuwa akipiga solo kwa vidole viwili.

Hapo Iommi akageuka fundi. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akafinyanga vikofia mfano wa kastabini ya mshonaji, akavisugua mpaka vikamkaa, kisha akavibandika vipande vya ngozi ya koti kuukuu ili visiteleze. Lakini plastiki haina hisia, na nyuzi nene zilimuumiza. Nyembamba za gitaa zilikuwa hazipatikani, akafunga za banjo.

Kordi pana zilimsumbua, akaegemea ile ya noti mbili: noti ya msingi na ya tano yake. Kwangu mimi, siri kubwa iko hapa. Kordi iliyojaa, ukiipitisha kwenye amplifaya iliyofunguliwa mpaka ikakwaruza, huvurugika. Ya noti mbili hubaki imesimama. Kilichomlazimu kwa maumivu ndicho kilichofaa zaidi kwa amplifaya zake za Laney.

Kisha kuna uchaguzi wake wa noti. Wimbo unaobeba jina la bendi umejengwa juu ya noti tatu: G ya chini, G ya juu yake, halafu C kali, ambayo inakaa katikati kabisa ya hizo mbili. Umbali huo haumpi msikilizaji mahali pa kutua. Iommi anaitetemesha noti hiyo ya mwisho taratibu, bila haraka yoyote, huku besi ya Geezer Butler ikimfuata nyayo kwa nyayo. Hakuna kidole kilichomlazimisha kufanya hivyo. Ni sikio lake.

Kulegeza nyuzi kulishika kweli katika albamu ya tatu, Master of Reality, ya mwaka 1971. Katika nyimbo kama Children of the Grave na Into the Void alishusha gitaa kwa nusu toni tatu, na Butler akashusha besi. Vidole vikapata nafuu, na sauti ikazama zaidi.

Tarehe 5 Julai 2025, akiwa na miaka 77, Iommi alipanda jukwaani Villa Park, Birmingham, pamoja na wenzake wa Black Sabbath: Ozzy Osbourne, Butler na Bill Ward. Vikofia vilikuwa vidoleni.