Korido Hupimwa Mlango Ukiwa Wazi

Usiku, chini ya balbu moja ya darini, korido yoyote iliyopakwa rangi jana hupendeza. Hukumu yake isubiri saa nne asubuhi, mlango wa mbele ukiwa wazi. Hapo mwanga huingia kwa ubavu, ukaambaa ukutani kuanzia mlangoni hadi uani, na kila tundu lililozibwa kwa haraka hutupa kivuli chake. Michirizi ya rola huonekana. Alama za mwiko hujitokeza. Sebule yenye madirisha mawili husitiri makosa kama hayo kwa sababu mwanga wake hutoka pande nyingi. Korido haisitiri kitu, na ndiyo maana anayetaka kujua kama mwenye nyumba ana mkono mzuri wa rangi huitazama hiyo kwanza.

Chukua nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam, zile za Magomeni, Ilala au Kariakoo. Mlango wa mbele unatazama barazani, vyumba vitatu viko huku na vitatu kule, na mwisho kabisa kuna mlango wa kutokea uani. Korido haina dirisha hata moja, na kila kitu hupita humo: ndoo za maji, majiko, baiskeli, magodoro ya mpangaji anayehama, watoto wanaokimbia huku wameegemeza viganja ukutani. Kwa hiyo kuchakaa kwake kuna mpangilio. Weusi huzunguka swichi. Mafuta ya mikono huchora mstari usawa wa kiuno. Chini karibu na sakafu kuna unga mweupe wa chumvi, na kwenye fremu za milango rangi imebanduka mpaka mbao inaonekana. Mwenye kutaka kuifufua bila kuita fundi afanye kwanza kazi moja isiyo na gharama, yaani kuusoma ukuta wa zamani.

Kiganja kinatosha kuanzia. Kikipitishwa ukutani kikatoka cheupe, hiyo ni chokaa ya zamani au rangi iliyokwisha nguvu, na chochote kitakachopakwa juu yake kitashika unga wala hakitashika ukuta. Ikwanguliwe, ifutwe, kisha ipigwe praima. Jaribio la pili ni la pamba iliyoloweshwa spiriti: rangi ya maji italainika na kuchafua pamba, rangi ya mafuta itakaa kama ilivyo. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa kuwa rangi ya maji iliyopakwa moja kwa moja juu ya mafuta yanayong'aa huweza kuvulika vipande vizima baada ya miezi michache. La tatu ni la wembe. Chora miraba midogo kwa ncha yake, bandika utepe wa gundi, uvute kwa mara moja. Miraba ikibaki ukutani, rangi ya zamani inafaa kuwa msingi wa mpya baada ya kupigwa msasa. Ikifuata utepe, yote ishuke.

Hapa tahadhari ni lazima. Rangi za mafuta za miaka mingi iliyopita huenda zikawa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Kikomo kinachopendekezwa leo na Shirika la Afya Duniani ni sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni moja za rangi; Marekani ilizipiga marufuku rangi za risasi majumbani tangu 1978. Msasa wa rangi kuukuu upigwe kwa maji, watoto wakiwa mbali, na tope lake likusanywe lisisambazwe uani.

Kisha kuna maji, adui ambaye wapambaji wengi humsahau. Ukuta ambao msingi wake haukuwekewa kizuizi hunyonya unyevu kutoka ardhini, unyevu ukapanda na chumvi yake, na maji yanapokauka chumvi hubaki juu ya lipu ikiisukuma rangi kwa nje. Ili kujua hali ilivyo, bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita sehemu ya chini ya ukuta, ziba kingo zote kwa utepe, ukiache hadi kesho yake. Matone yakiwa upande wa nje wa nailoni, hewa ya ndani ndiyo yenye unyevu, na kufungua milango kutasaidia. Yakiwa nyuma, yanatoka ukutani.

Jibu hilo ndilo linaloamua aina ya rangi. Desturi ya Afrika Mashariki, kuanzia zahanati hadi shule, ni kupaka nusu ya chini kwa rangi ya mafuta iliyokoza na nusu ya juu kwa rangi ya maji nyeupe au ya maziwa. Ni desturi yenye akili, maana sehemu inayoguswa ndiyo inayooshwa. Lakini sehemu hiyohiyo ndiyo inayopandwa na unyevu, na rangi ya mafuta huufungia ndani mpaka malengelenge yatokee. Kwenye ukuta mkavu, mafuta yapakwe bila wasiwasi. Kwenye ukuta unaotoa maji, ni heri rangi ya maji inayostahimili kuoshwa, au chokaa. Watu wa pwani wanalijua hili kwa karne nyingi. Kuta za mawe na chokaa za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar hupitisha unyevu ukatoka nje taratibu, na zikifunikwa kwa saruji, maji hukwama ndani na lipu huporomoka. Wanaozikarabati vizuri nyumba hizo, katika miji ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, Mji Mkongwe mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, hurudia chokaa.

Puti nayo ina siri yake. Hunywea inapokauka, kwa hiyo tundu la msumari linalozibwa mara moja litaacha kishimo; mjuzi huziba mara mbili. Baada ya msasa namba 120 na kumalizia na 220, anazima taa, anaweka tochi ikigusa ukuta na kuumulika kwa urefu. Hii ni asubuhi ya saa nne iliyoletwa mapema, wakati makosa bado yanarekebishika. Panapotokea kivuli anapazungushia penseli. Na asiruke praima juu ya puti, kwa sababu puti hunyonya rangi kuliko ukuta uliobaki, na viraka hivyo vitaonekana vimefifia hata baada ya mikono miwili.

Sasa mstari. Mahali rangi mbili zinapokutana ndipo korido nyingi za kujifanyia huharibikia, kwa sababu mtu hupima kutoka sakafuni. Sakafu ya zamani ina miinuko, na mstari unaoifuata utaonekana umepinda hata kwa asiyejua kwa nini. Mafundi hutumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji: ncha moja hushikwa kwenye alama ya kwanza, nyingine hupelekwa mwisho wa korido, na maji yanapotulia usawa huo ni wa kweli kwa urefu wote wa korido. Sharti moja tu, kusiwe na kiputo cha hewa ndani ya mpira, maana kiputo kimoja hudanganya. Baada ya hapo uzi uliopakwa unga wa rangi huvutwa ukakaza kati ya alama mbili, ukavutwa katikati na kuachiwa, nao hupiga mstari mnyoofu ukutani.

Kuukagua mstari huo mtu asimame mlangoni, jicho usawa wake. Je, unafika kila fremu kwa kimo kilekile? Je, umekata swichi katikati? Ukikata swichi, mpakaji alianza bila kufikiri; sentimita chache juu au chini zingeepusha aibu hiyo. Ukingo wenyewe ukiwa na meno madogo, rangi ilipenya chini ya utepe wa karatasi. Dawa ipo: upake kwanza ukingo wa utepe kwa rangi ileile ya juu, ikauke, ndipo ije ya chini. Utepe uvuliwe rangi ikiwa bado mbichi.

Kuhusu mng'ao, mwandishi wa mwongozo huu ana msimamo: nusu ya juu ya korido ising'ae kabisa. Mwanga wa ubavu juu ya rangi inayong'aa hufichua kasoro hata za kazi nzuri. Na milango isipakwe mafuta meupe pepe. Rangi nyeupe ya mafuta hugeuka njano mahali pasipo na mwanga wa jua, na korido ni mahali hapo hasa. Bora kuanza na rangi ya maziwa kwa makusudi. Balbu nayo ichaguliwe kabla ya rangi. LED ya 6500 K huifanya rangi ya maziwa ionekane ya kijivu, wakati ya 3000 K huipa joto. Jaribu kipande cha rangi chini ya balbu itakayobaki.

Hesabu ya makopo ni rahisi. Korido ya mita 9 yenye kuta za mita 2.7 na milango sita ya vyumba ina takriban mita 37 za mraba za kupakwa. Mstari ukiwa mita 1.2, chini kuna kama 15 na juu kama 22. Lita moja hufunika karibu mita 10 za mraba kwa mkono mmoja juu ya ukuta laini, hivyo mikono miwili inahitaji lita 3 chini na lita 4 na nusu juu. Kopo la lita 4 litakatika katika ukuta wa mwisho, na kopo la pili laweza kutofautiana kidogo kwa rangi. Yamwagwe yote kwenye ndoo moja na kukorogwa pamoja kabla ya kuanza. Ukuta mmoja umalizwe bila kupumzika katikati, vinginevyo patabaki kiungo kinachosomeka milele.

Sakafu nyekundu inayokutwa katika nyumba nyingi za zamani inastahili heshima kuliko inavyopewa. Kwaruza kidogo kwa msumari nyuma ya mlango. Unga ukitoka mwekundu, oksidi ya chuma ilichanganywa na saruji yenyewe, na sakafu hiyo haihitaji rangi wala marumaru. Iondolewe polishi kuukuu kwa tapentaini, ipakwe mpya nyembamba, isuguliwe kwa kipande cha blanketi. Ukitoka wa kijivu, ni rangi iliyopakwa juu tu, na ndiyo maana katikati, wanapopita watu, imekwisha.

Kazi hii isifanywe masika, kati ya Machi na Mei. Rangi ya maji hukauka mkononi kwa saa chache lakini hukomaa kwa muda wa mwezi mmoja hivi, kwa hiyo alama za mwanzo zifutwe kwa kitambaa laini bila sabuni kali. Mvua zikipita, mwezi Juni, mlango ufunguliwe tena na nusu ya chini ikaguliwe. Palipotoka unga mweupe papigwe brashi kavu. Maji yangeirudisha chumvi ndani ya lipu.