Jicho la Sonara

Mpwa wangu aliniomba nimsindikize Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, kununua pete ya uchumba. Alikuwa na swali moja tu mdomoni: karati ngapi? Sonara, mzee aliyeitikia shikamoo zetu huku macho yakiwa kwenye kibano, hakumjibu. Alikunjua karatasi nyeupe, akalaza mawe matatu kifudifudi, vitako juu.

"Anza na rangi, mwanangu. Ukilitazama usoni litakudanganya."

Almasi nzuri humeremeta hadi ikaificha rangi yake yenyewe, ndiyo maana wathamini huichungulia ubavuni, kwenye weupe, kwa mwanga uliotulia. Ngazi ya rangi huanzia herufi D, jiwe lisilo na rangi kabisa, ikashuka hadi Z, lenye umanjano ulio wazi. Mimi niliona mawe matatu yaliyofanana kama punje za mchele. Yeye aliyapanga mara moja, bila kusita. Niliporudia kutazama, taratibu, lile la kulia likaanza kuonekana kama maji yaliyodondoshewa tone la chai. Nilifurahi kama mtoto aliyesoma neno lake la kwanza.

Uzito aliupitia haraka. Karati moja ni gramu 0.2, na mizani inaijua kuliko mtu yeyote. Alichotaka mpwa wangu akifahamu ni kwamba bei huruka ghafla jiwe likifika karati moja kamili, ilhali la karati 0.95 likiwa kidoleni hakuna shemeji wala wifi atakayeona tofauti.

Alipofika kwenye mkato, sauti yake ilibadilika. Rangi na madoa, alisema, jiwe huja nayo kutoka ardhini. Mkato ni mkono wa mtu. Mwanga huingia kwa juu, ukagonga ukuta mmoja wa chini, ukarukia wa pili, kisha ukarudi kwenye jicho. Kitako kikiwa kifupi mno, mwanga unavujia chini. Kikiwa kirefu mno, unapotelea ubavuni na katikati panabaki giza. Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky, kijana wa ukoo wa wakata almasi wa Antwerp, alichapisha hesabu za pembe hizo, na hadi leo mafundi wa almasi za duara huzirejea. Lakini hesabu haimwondolei fundi kishawishi: akiacha kiuno cha jiwe kinene, karati zinabaki na bei inapanda, ingawa mng'ao umekufa. Kukata vizuri ni kukubali kupoteza.

Hapo nikaikumbuka Mwadui, kwetu Shinyanga. Mwaka 1947 mgodi wa John Williamson ulitoa almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, ambayo Binti Mfalme Elizabeth alizawadiwa kwa harusi yake. Ilipokatwa London zilibaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ya jiwe lile adimu iliondoka mikononi mwa mafundi, nao hawakurudi nyuma. Ujasiri ule naustahi kuliko jiwe lenyewe.

Mpwa wangu aliuliza kuhusu almasi zinazotengenezwa maabara. "Ni almasi kweli," mzee alijibu, "na bei yake iko chini sana. Ila kuzitofautisha na za ardhini kunahitaji mashine. Jicho langu halifiki huko." Niliyaamini maneno yake yote ya kabla kwa sababu ya hilo moja.

Mwishowe kijana alichagua jiwe la karati 0.91, lenye umanjano mdogo ambao dhahabu ya pete ingeumeza, na mkato uliotufanya sote tuinamie meza. Chini ya kioo cha kukuza mara 10 lilikuwa na kidoa cheusi karibu na ukingo. Mpwa wangu akakunja uso. Mzee akamwambia kucha ya pete itakaa juu yake. Kisha akachukua penseli, akachora duara kwenye karatasi, akatia nukta mahali pa kidoa, akamkabidhi.

"Siku ukiipeleka pete kusafishwa, ikirudi, tafuta nukta hii. Ukiiona, ujue ni jiwe lako."